Laptopu ya mtumba: ikague dukani, ifute, iunganishe nyumbani, ndipo useme ni yako

Watu wengi wakipata hela ya laptopu wanakimbilia ile mpya ya bei chee, ganda linang'aa, plastiki bado imebandikwa kwenye kioo, kumbe ndani kuna prosesa ya Celeron, ile dhaifu, na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya 4GB iliyochomelewa kwenye bodi kabisa, huwezi kuongeza hata upige magoti. Kwa hela hiyo hiyo, wakati mwingine pungufu, unapata mashine ya ofisini iliyoshushwa kutoka Ulaya, Marekani au Dubai. Naongelea ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook za HP, mashine ambazo zikiwa mpya mtu wa kawaida anaziangalia tu. Makampuni ya huko yanazitoa kwa mafungu baada ya miaka mitatu minne, sio kwamba zimekufa, ni mkataba umeisha au waranti imeisha basi wanabadilisha zote kwa mpigo, halafu ndio unazikuta zimepangwa Kariakoo au kule Luthuli Avenue Nairobi.

Tatizo ni kwamba mashine hiyo ilikuwa ya mtu, na kuilipia tu hakuifanyi iwe yako. Inaweza kuwa na kufuli la kampuni, Windows ya kuchakachua aliyoweka fundi, au mafaili ya mwenye nayo wa kwanza. Kwa hiyo mimi huwa nawaambia watu kazi iko sehemu tatu, kabla ya kutoa hela, siku unayofika nayo nyumbani, na kwenye waifai utakayoiunganisha.

Tuanze na kizazi cha prosesa maana hapa ndipo watu wanapigwa sana. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ukiona imeandikwa i5-8250U, ile 8 inayokuja baada ya kistari ndio kizazi. i5-6300U ni cha 6, na i5-1135G7 ni cha 11 (hizo za karibuni unasoma tarakimu mbili). Muuzaji atakwambia "bosi hii ni i7" huku amekaza sauti, wewe muulize i7 ya ngapi, kwa sababu i7-4600U ina koa (vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) mbili tu wakati i5-8250U ina koa nne, na hiyo i5 inaiacha mbali hiyo i7. Kama hela inafika tu kwenye kizazi cha 6 au 7 sio mwisho wa dunia, weka Linux Mint, mfumo unaokaa badala ya Windows, inakwenda vizuri na ni bure, ila ujue hivyo kabla ya kununua usije ukashangaa baadae.

Kwa mtu anayeniuliza bila kuzunguka namwambia atafute ThinkPad T480 au HP EliteBook 840 G5, zote ni za 2018, zote zina nafasi mbili za RAM ya DDR4 na unaweza kubadilisha diski mwenyewe kwa bisibisi. Angalia sana hizo herufi za mwisho. T480s, ile yenye s, sehemu ya RAM imechomelewa na inabaki nafasi moja ya kuongeza, X1 Carbon ni nzuri na nyepesi lakini RAM yote imechomelewa, na MacBook za chipu za M hapo husogezi chochote, ulichonunua ndicho utakachokufa nacho.

Sasa nenda dukani mchana, beba flashi yako na simu yenye bando. Kama winga amekudaka njiani akakupeleka kwenye duka "la kaka yake", jua kamisheni yake iko ndani ya bei, sio dhambi ila ujue. Ukifika omba kiti kabisa, kaa, washa mashine mwenyewe. Muuzaji akianza kukuharakisha, "mzee hii iko poa nakuhakikishia, kuna mtu mwingine anaitaka", mpishe huyo mtu mwingine.

Kitu cha kwanza ni betri. Fungua cmd (iandike kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows, litatokea dirisha la kuandikia amri) andika powercfg /batteryreport halafu bonyeza enta, itatengeneza faili na kukuonyesha limekaa wapi, lifungue kwa brauza. Tafuta mistari miwili, DESIGN CAPACITY ambayo ni ujazo wa betri ikiwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY ambayo ni ujazo uliobaki leo. Ikiwa wa kwanza ni 50,000 na wa pili ni 22,000 basi betri imebaki na asilimia 44, na hapo ile stori ya "inakaa masaa sita" imeisha, mnaongea bei upya au anakuwekea nyingine. T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nje, kwa hiyo soma zote mbili, uzuri wake ile ya nje inachomoka bila hata kufungua skrubu.

Diski nayo ina historia yake. Weka programu inaitwa CrystalDiskInfo kwenye flashi yako kabla hujatoka nyumbani, ni ya bure, inakuonyesha afya ya diski na imewashwa masaa mangapi. Halafu kibodi, fungua Notepad gonga kitufe kimoja kimoja mpaka vyote viishe, usione aibu. Kioo kiangalie kwa picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu, madoa na mistari vitajionyesha. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, jaribu kamera, maiki, spika, fungua na kufunga mfuniko uone bawaba. Cheza video ndefu huku unaendelea kupiga stori, feni ikianza kulia kama inataka kuruka na chini kunaunguza, basi ama vumbi limejaa ama ile pesti ya kwenye prosesa imekauka. Hilo linarekebishika kwa hela kidogo lakini litumie kushusha bei.

Sasa kufuli, na hapa naomba usome taratibu. Zima mashine, iwashe huku unagonga F1 kama ni ThinkPad, F2 kama ni Dell, F10 kama ni HP, utaingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka. Ikidai paswadi na muuzaji haijui, achana nayo, usikubali ile "fundi wetu atatoa hiyo dakika mbili", kwa ThinkPad paswadi ya msimamizi haitoki kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi kama watu wanavyodanganyana. Ukiwa ndani ya BIOS angalia namba ya siriali, linganisha na ile iliyobandikwa chini ya ganda. Zikitofautiana, bodi imebadilishwa au ganda ni la mashine nyingine, uliza maswali. Tafuta pia kipengele kinachoitwa Computrace au Absolute, huo ni mfumo wa kufuatilia mashine ikiibiwa, na ukikuta umewashwa kabisa maana yake kuna kampuni mahali fulani bado inaihesabu hiyo mashine kuwa yao.

Kuna kufuli lingine baya zaidi kwa sababu halionekani dukani. Makampuni husajili laptopu zao kwenye mfumo wa Microsoft unaoitwa Autopilot, sasa fundi akipiga Windows, yaani akiiweka upya, bila intaneti mashine inafunguka vizuri tu, unanunua unaondoka unafurahi, siku unairudisha upya na kuiunganisha na mtandao inakutokea "Karibu kampuni fulani", inadai imeili ya kazini. Dawa ni kupiga Windows siku hiyo hiyo ukiwa umeunganisha hotspoti ya simu, na kwenye risiti aandike siriali na maneno kwamba likitokea jina la kampuni unarudisha na hela yako unapewa. Akikataa kuandika amekujibu tayari. MacBook ni hivyo hivyo, usitoe hela mpaka umeianzisha kutoka mwanzo ikafika kwenye skrini kuu bila kudai akaunti ya mtu mwingine.

Umefika nyumbani. Najua unatamani kuanza kuweka miziki, subiri kwanza.

Kama imekuja na diski ya kuzunguka itoe, hapa hakuna mjadala. Diski ya kuzunguka inasoma megabaiti mia na kidogo kwa sekunde, SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ikiwa ya aina ya SATA inafika 550 hivi, zile za NVMe za kawaida zinafika 3,500, na hii ndio tofauti ya mashine inayowaka ukiwa bado unavuta kiti na ile unayoiwasha ukaenda kuoga. Ila zile SSD nyembamba kama kijiti, M.2 zinavyoitwa, za SATA na za NVMe zinafanana sana kwa macho, hakikisha mashine yako inakubali ipi. Kabla ya kufungua ThinkPad ingia BIOS kuna sehemu ya kuzima betri ya ndani, izime, ndio ufungue, maana chaji bado iko kwenye bodi hata ukichomoa chaja. Na zile SSD za nje za 2TB za bei ya chipsi kuku usiziguse, nyingi ni chipu ndogo iliyodanganywa ijitangaze kubwa, utajaza picha za harusi nzima halafu ukizifungua hazipo. Ukishanunua diski au flashi ipime na H2testw, itaandika mpaka ijae kisha isome tena, uongo wote unatoka.

Halafu piga Windows yako mwenyewe hata kama iliyopo inaonekana safi. Windows ya dukani mara nyingi imetoka kwenye flashi moja ya fundi inayozunguka kwenye mashine zote, imewashwa kwa zile programu za kukraki leseni, na ili zifanye kazi fundi huzima kabisa ulinzi wa virusi, sasa wewe ndio unakuja kuingilia hapo akaunti ya benki. Na wala hakuna haja, kwa sababu laptopu nyingi za ofisini za miaka hii leseni yake imeandikwa ndani ya bodi, ukipiga toleo linalolingana nayo na ukaunganisha intaneti inajiwasha yenyewe. Shusha programu ya kutengenezea flashi kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe, tumia flashi ya 8GB au zaidi, faili lenyewe ni kubwa linapita 5GB kwa hiyo subiri bando la usiku au nenda kwa mwenye faiba. Wakati wa kupiga ukifika pale pa kuchagua diski futa vipande vyote mpaka kibaki kimoja kitupu, kwenye diski ambayo haina kitu chako lakini, usiguse ile yenye mafaili unayoyataka. Ikimaliza, na kama unatumia hotspoti, nenda kwenye mipangilio ya waifai uuweke huo mtandao kuwa wa kupimwa, metered wanavyouandika, la sivyo apdeti zitakula bando la mwezi kabla hujapata chai.

Usipekue mafaili ya aliyekutangulia, futa tu. Na siku wewe ukiuza, kumbuka kufuta kwa kawaida au kufomati haraka hakuondoi kitu, programu ya bure kama Recuva inaweza kurudisha mengi, hasa kwenye diski ya kuzunguka. Kwa SSD tumia kile kipengele cha kufuta salama ambacho HP na Dell nyingi za ofisini wanacho ndani ya BIOS. Bora zaidi washa BitLocker, kufuli la Windows la diski nzima, toka siku ya kwanza, kama Windows yako ni Pro, ili hata mashine ikiibiwa kwenye daladala mwizi anabaki na chuma tu. Ule ufunguo wa kurejesha andika kwenye karatasi uiweke na vyeti vyako, ukiupoteza na mashine ikaudai hakuna fundi wa kukusaidia, Kariakoo wala Marekani.

Tuje kwenye rauta. Fungua cmd andika ipconfig, angalia Default Gateway, hiyo namba iandike kwenye brauza kama tovuti. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, zile za Huawei za faiba huwa 192.168.100.1 na za laini ya simu 192.168.8.1. Rauta ina paswadi mbili, ya waifai na ya kuingilia kwenye mipangilio, na watu wanabadilisha ya kwanza tu, ya pili inabaki admin na admin kama ilivyotoka kiwandani, ni sawa na kufunga geti halafu funguo unaziacha zinaning'inia nje. Mwaka 2016 kirusi kinaitwa Mirai kilijaribu tu orodha fupi ya paswadi za kiwandani, sitini na kitu hivi, kikateka malaki ya kamera na rauta duniani, na Oktoba 21 mwaka huo jeshi hilo likaangusha kampuni ya Dyn iliyokuwa inaelekeza watu kwenye tovuti kubwa, Twitter na Netflix zikayumba kwa watu wengi Marekani. Hakuna ufundi wowote wa ajabu uliotumika pale, ni admin na admin.

Kwa hiyo badilisha zote mbili. Kwenye usalama wa waifai chagua aina ya ulinzi inayoitwa WPA2 yenye AES, au WPA3 kama vifaa vyako vinaikubali. Zima WPS, ile ya kuunganisha kwa kitufe au namba nane, udhaifu wake umejulikana toka 2011. Zima ruhusa ya kuingia kwenye rauta kutoka nje. Kama kuna apdeti ya rauta iweke, ukiwa na uhakika umeme hautakatika katikati. Halafu washa mtandao wa wageni, huo ndio uwape shemeji, watoto wa jirani, na pia tivii na ile kamera ya ulinzi ya bei rahisi, zisikae mtandao mmoja na laptopu yako. Jirani akinuna kwa kubadilishiwa paswadi atazoea.

Spidi ikiwa mbovu chumbani usikimbilie kununua kifurushi kikubwa. Nyumba zetu za tofali na zege zinakula mawimbi, 5GHz ina kasi lakini ukuta wa pili unaichosha, 2.4GHz inapenya zaidi ila ina msongamano. Toa rauta nyuma ya tivii, iweke juu na katikati ya nyumba. Kwenye 2.4GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, hizo haziingiliani, angalia majirani wamejazana ipi ukae tofauti nao. Kompyuta isiyohama mvutie waya tu, Cat5e inatosha mpaka mita 100 kwa gigabiti moja, ila ukate kipande uone kama ni shaba kweli au aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Umeme ukikatika sana kuna vile viyupiesi vidogo vya rauta, soma adapta yako kwanza, kama imeandikwa 12V ununue ya 12V, usibahatishe.

Ukiwa bado humo ndani ya rauta unaweza kubadilisha DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba yake. Weka 9.9.9.9 inayozuia tovuti za wizi, au 1.1.1.3 kama kuna watoto, hiyo inazuia na picha chafu. Hailipiwi na inakava nyumba nzima.

VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwa mtu wa kati, nitaongea kidogo kwa sababu inauzwa kama dawa ya kila ugonjwa. Inachofanya ni kumfanya mtoa mtandao wako asione unatembelea wapi, badala yake anayeona ni mwenye VPN, basi. Haizuii virusi, haikufichi kwa Facebook uliyoingia kwa jina lako, na ile ya bure usiyojua mwenye nayo ni nani unakuwa umemkabidhi yeye safari zako zote. Tovuti nyingi siku hizi ni https, paswadi yako haisomwi njiani hata bila hiyo. Kwa walioko Tanzania, TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, mwaka 2023 walitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN wajisajili, kwa hiyo jua unaposimama. Brauza ya Firefox yenye kiongezo cha kuzuia matangazo kinachoitwa uBlock Origin inakusaidia zaidi kila siku, matangazo yanakatika, na bando linadumu.

Akaunti sasa. Imeili yako ndio mama wa zote, anayeishika anabadilisha paswadi za kila kitu kingine. Tumia Bitwarden au KeePassXC kutunza paswadi, kila akaunti na yake, wewe unakariri moja tu ndefu. Angalia imeili yako kwenye tovuti ya Have I Been Pwned ya Troy Hunt uone imevuja wapi. Uthibitisho wa hatua mbili weka wa programu sio wa meseji, kwa sababu mtu akifanikiwa kurenyu laini yako kwa ujanja meseji zote zinaenda kwake. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, Tanzania inafanya kazi na Safaricom Kenya pia, ukikuta usiyoijua nenda ofisini kwao. WhatsApp weka ile PIN ya tarakimu sita.

Na kuna sehemu moja ambayo hata mtu mwenye laptopu safi anavuja, steshenari. Umeenda kuprinti, umefungua WhatsApp au imeili kwenye kompyuta yao, umelipa umeondoka, akaunti iko wazi pale na nakala ya NIDA yako imekaa kwenye Downloads pamoja na za watu wengine mia. Beba kwenye flashi yenye faili hilo moja tu, ukirudi ipige skani kabla ya kuifungua kwenye mashine yako. Ukilazimika kuingia, tumia dirisha la faragha, futa faili ulilolishusha mpaka kwenye kapu la taka, halafu kabla hujavuka barabara fungua WhatsApp kwenye simu, nenda vifaa vilivyounganishwa, toa kila usichokitambua.